Toba Tek Singh: Mji Uliozaliwa na Mfereji

Mabibi na mabwana, mji ninaouzungumzia jioni hii umepewa jina la mtu aliyegawa maji. Toba kwa Kipunjabi ni bwawa, na wenyeji husimulia kwamba Tek Singh, Singasinga mwenye huruma, alikaa kando ya bwawa hilo akiwanywesha wasafiri kutoka vyunguni bila kumuuliza mtu dini yake. Anayeijua ardhi ile hashangai kwamba tendo hilo lilitosha kuupa mji jina.

Mji uko katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, kusini-magharibi mwa Faisalabad, katika nchi tambarare iliyo kati ya mto Chenab na mto Ravi. Katikati ya mito hiyo ardhi imeinuka kidogo tu, lakini mwinuko huo ulitosha kuizuia mafuriko yasiifikie. Mvua ni haba, joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na maji yaliyo chini ya ardhi yana chumvi sehemu nyingi. Nchi ya namna hiyo iliitwa Bar, na wenyewe walikuwa wafugaji waliohama na mifugo yao wakifuata majani.

Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ilifungua mfereji wa Lower Chenab, na nyika ikapimwa miraba ya karibu eka 28, kila mraba ukakatwa vipande 25. Wakulima waliletwa kutoka wilaya za Punjab zilizokuwa zimejaa watu, na vijiji vyao vikapewa namba pamoja na herufi za tawi la mfereji, kama JB kwa tawi la Jhang, ambazo zinatumika hadi leo. Wafugaji, ambao Waingereza waliwaita watu wa porini, wapo waliopata mashamba, lakini malisho yao yalikwisha. Hasara hiyo haistahili kupitwa kimya tunapousifu mfereji. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1896, maelfu ya Wapunjabi wengine walivuka bahari kuja kujenga reli ya Mombasa.

Huko Punjab nako, reli ilipofika Toba, soko la nafaka, yaani mandi, likasimama karibu na stesheni, na ngano ikasafirishwa hadi bandari ya Karachi. Katika masoko ya Punjab ya wakati huo mkulima alimwaga nafaka yake chini, kisha dalali na mnunuzi wakashikana mikono chini ya kitambaa, wakapatana bei kwa kubonyezana vidole, huku mwenye mali amesimama pembeni asione lolote. Halafu yakafuata makato: ya dalali, ya mpimaji, ya mfagiaji, hata ya sadaka. Sheria ya masoko ya mwaka 1939 ilikusudiwa kukomesha dhuluma hiyo, nami naihesabu miongoni mwa sheria zenye haki zaidi za enzi ile.

Wakulima wenyewe hawakuwa wanyonge. Mwaka 1907 serikali ilipotaka kubana haki yao ya kurithisha mashamba, walikusanyika kwa maelfu huko Lyallpur, ndiyo Faisalabad ya leo, hadi Minto, Gavana Mkuu wa Kiingereza wa India, akakataa kuidhinisha muswada huo. Mwaka 1947 India ya Waingereza ilipogawanywa kuwa India na Pakistan, Masingasinga na Wahindu wa Toba walikwenda India, na Waislamu waliofukuzwa mashariki mwa Punjab wakaingia katika nyumba zao. Jina la Tek Singh halikufutwa. Mwaka 1982 lilipewa hata wilaya nzima.

Maji yaliyoijenga nchi hii yaliijeruhi pia. Kwa miongo mingi mifereji isiyosakafiwa ilivuja, maji ya chini yakapanda na kuleta chumvi juu ya mashamba, ikaonekana nyeupe kama majivu. Kuanzia mwaka 1960 ikabidi serikali ichimbe visima vya mashine kuyashusha. Lakini kuvuja huko kuna faida moja. Kandokando ya mifereji mwanamke hushika mpini wa pampu ya mkono na kujaza ndoo yake, kwa kuwa maji yaliyochujika kutoka mferejini ni matamu, na hatua mia kadhaa kutoka hapo hayanyweki.