Moto Umeishia Wapi? Mazungumzo na madereva wa pikapu kuhusu honi iliyonyamaza

Hamjambo ndugu zangu. Sogeeni hapa mbele ya boneti, wa nyuma nao waone.

Ninyi mnaoshusha kabichi na karoti kutoka Lushoto kwenda Mombo hamna haja ya kuelezwa honi ni ya nini. Barabara ile ya Soni imechongwa ubavuni mwa mlima: huku mwamba, huku korongo, na kwenye kona humwoni anayepanda mpaka mmeshakutana. Dereva akiniambia honi yake imekufa tangu mwezi uliopita na anasubiri apate nafasi, naumia kwelikweli.

Nianze na kosa langu. Niliwahi kuletewa Hilux isiyopiga honi. Sikupima kitu, nikafunga honi mpya, ikalia. Baada ya wiki mbili gari likarudi, kimya. Nikafunga ya pili, ikalia, ikanyamaza tena. Siku hiyo ndipo nilipozichukua zile honi mbili nilizozitoa, nikaziunganisha moja kwa moja kwenye betri. Zote zililia! Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye boliti. Honi nyingi za magari haya zina waya mmoja tu wa moto, yaani wa umeme unaotoka betri. Eathi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, zinaipata kupitia kile kishikio cha bati kilichofungwa kwenye bodi. Pale chini ya boliti palikuwa na kutu. Kila nilipofungua na kukaza, kutu ilikwaruzika, umeme ukapata njia, kisha kutu ikarudi. Yule mzee nilimrudishia hela yake. Tangu hapo sinunui honi kabla sijajua moto umeishia wapi.

Sasa tazameni. Hii ni taa ya kupimia. Kibanio nakishika kwenye hasi ya betri, ncha naigusisha kwenye plagi ya honi. Kijana, ingia ndani ubonyeze. Mmeona? Taa inawaka lakini honi haisemi. Maana yake fyuzi, rilei (ile swichi inayowashwa na umeme), usukani na nyaya vyote ni vizima. Tumebaki na honi yenyewe au eathi yake. Nachukua waya mwingine kutoka hasi ya betri, naugusisha kwenye kishikio. Bonyeza tena. Hiyo hapo! Dawa yake ni kufungua boliti, kupiga msasa mpaka bati ling'ae, kupaka grisi kidogo na kukaza. Kama isingelia hata hivyo, ningeivua na kuichungulia mdomoni. Tope huingia, na nyigu hupenda kujenga humo.

Taa isipowaka, tunarudi nyuma. Fyuzi kwanza, picha yake ipo kwenye mfuniko wa sanduku la fyuzi. Ikiwa imeungua, weka yenye ampea zilezile zilizoandikwa hapo. Nawasihi msikunje karatasi ya sigara wala msiweke uzi wa shaba. Ikiungua tena, kuna waya umechubuka mahali unagusa bodi, utafuteni.

Kisha rilei. Hapa ndipo napapenda, maana hapa mzunguko unagawanyika nusu mbili. Rilei za Toyota mara nyingi pini zake zimeandikwa 1, 2, 3 na 5. Pini 1 na 2 ni za koili, ule waya uliozungushwa ndani unaoivuta swichi ya rilei, zinakula umeme mdogo sana. Pini 3 na 5 ndizo zinazopitisha moto mkubwa kwenda kwenye honi. Chomoa rilei, unganisha tundu la 3 na la 5 kwa waya mfupi, mara moja tu. Honi ikilia, nusu yote ya mbele ni nzima. Tatizo ni rilei au usukani. Azima rilei ya namna ileile kutoka kwenye sanduku hilohilo ujaribu. Ikikataa, nenda kwenye usukani.

Ndani ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringisha, unaozunguka na usukani bila kukatika. Unapozeeka hukatika. Ukiona honi imekufa na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) imewaka kwenye dashibodi, ushuku utepe huo kabla ya kitu kingine. Lakini msiguse usukani wenye eabegi ovyo. Zima swichi, toa hasi ya betri, subiri sekunde 90 au zaidi, maana ile eabegi hubaki na umeme hata betri ikiwa nje. Inaweza kukulipukia usoni. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo amwite aliyeizoea.

Mama pale ameuliza juu ya swichi ya kengele ya mlango inayobandikwa kwenye dashibodi ili kupigia honi. Nimeziona nyingi, na nyingi zimenipa hofu. Honi moja inakula ampea kama 4, mara nyingi ziko mbili, na waya uliotumika ni ule mwembamba wa spika, hauna fyuzi, umetoka betri moja kwa moja. Moto wote unapita kwenye swichi hiyo iliyo chini ya kidole chako. Kama utepe umekatika na hela haijapatikana, basi swichi hiyo ivute eathi ya koili ya rilei tu. Moto mkubwa ubaki kwenye njia yake yenye fyuzi. Kazi hiyo ni waya mmoja, nitawaonyesha sasa hivi kwenye ile pikapu nyeupe. Mwenye gari, niletee funguo.