Kani Haikai Kwenye Kimo cha Mstari

Walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa kidato cha tatu, shikamooni na marahaba kwa pamoja, tusije tukamaliza nusu saa kwa salamu.

Haisi iko stendi hapa Moshi, imejaa. Konda amegonga bodi, dereva anaondoa. Mnajua kinachofuata: mgongo unakandamizwa kwenye kiti. Baadaye mmeshapita Boma Ng'ombe, mko kwenye tambarare, gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, halipungui wala haliongezeki. Bibi wa pembeni amesinzia, maziwa yametulia kwenye galoni lake. Sasa niambieni, ni wapi jumla ya kani, yaani misukumo na mivuto yote, kwenye gari ilikuwa kubwa: stendi au tambarare?

Naona mikono. Wengi mmesema tambarare. Msione haya, nami nilijibu hivyo hivyo nilipokuwa na umri wenu.

Chora. Mhimili wa chini ni muda, wa kusimama ni kasi. Tuseme gari lilitoka 0 hadi mita 20 kwa sekunde katika sekunde 20. Mstari unapanda, na mwinamo wake ni 1: kila sekunde kasi imeongezeka kwa mita 1 kwa sekunde. Huo ndio mchapuko. Kisha mstari unalala. Kisha ng'ombe wanavuka barabara, breki, sekunde 8 gari limesimama: mstari unashuka, mwinamo ni hasi 2.5. (Dereva wa kweli hubadili gia, mstari wake una vinundu. Nimeunyoosha makusudi.)

Haisi na abiria wake tuwape kilo 3,000. Zidisha tungamo, yaani hizo kilo, kwa mchapuko, upate kani kwa niutoni. Wakati wa kuondoka unapata niutoni 3,000. Wakati wa breki niutoni 7,500, kwa kurudi nyuma. Na pale juu kabisa mwa grafu, kwenye kilomita 72? Sifuri. Injini haijalala, jamani! Inasukuma, lakini upepo na msuguano vinairudishia kiasi kile kile, hakibaki cha kubadilisha kasi. Anayetafuta kani kwa kutazama kimo cha mstari ataikosa, atazame mwinamo.

Shusha abiria na mizigo hadi zibaki kilo 2,000, kani iwe ile ile 3,000. Mchapuko unakuwa 1.5, mstari unasimama wima zaidi, na sekunde 13 na ushee zinatosha kufika 20.

Kuna kosa jingine, na hapa kwetu chini ya mlima lina utamu wake: mtoto akiona mstari unapanda anasema gari linapanda kilima. Grafu si picha ya barabara. Gari linaloteremka kwenda darajani Kikafu huku likiongeza kasi, mstari wake unapanda.

Sasa chungwa hili. Nalirusha juu... nimelidaka. Pale lilipofika kileleni, kasi yake ilikuwa sifuri. Na mchapuko? Nasikia mtu anasema sifuri. Tuchore, tukihesabu kwenda juu kuwa chanya. Mstari unaanzia juu, unashuka umenyooka, unakata mhimili wa muda, unaendelea chini bila kupinda hata kidogo. Mwinamo ni ule ule, hasi 9.8, kabla ya kilele, kileleni na baada yake. Uzito wa chungwa haukwenda likizo lilipofika juu. Kama ungekwenda, chungwa lingebaki linaelea pale.

Newton alipotoa sheria hii mwaka 1687 hakuiandika kwa herufi tatu, F = ma, kama mnavyoikariri; alizungumzia badiliko la mwendo. Na badiliko ndilo mwinamo unalotuonyesha.

Basi, tuje kwenye toroli, kigari cha maabara kinachovuta utepe wa karatasi nyuma yake. Utepe huu unapigwa nukta 50 kila sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50. Nukta zikiachana sawasawa, hakuna mchapuko. Zikizidi kuachana, upo. Mtachora grafu ya mchapuko dhidi ya kani, na mstari wenu utakataa kupita kwenye sifuri. Msiubembeleze kwa rula. Ni msuguano unaokula kani ya kwanza. Inueni upande mmoja wa ubao kidogo kidogo, mpaka toroli likisukumwa kwa kidole litembee lenyewe na nukta ziachane sawa, ndipo mfunge vizito vya kulivuta.

Ubao uko pale dirishani. Twendeni, umeme bado upo.