Ukifukuzwa kazi, siku 30 zinahesabika

Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za leo.

Wazee wa Kasulu na Kibondo mnaikumbuka habari ya manamba. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, iliandikisha vijana wa Buha na kuwasafirisha hadi mashambani. Aliyekuandikisha na aliyekutumikisha walikuwa kitu kimoja. Ukidhulumiwa, unamlilia nani? Leo kazi hizo zimegawanywa kisheria, na ninyi mnaosubiri vibarua vya reli mpya lazima mjue nani anashika nini.

Kutafuta kazi kuna TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, iliyoanzishwa 2008. Wakala binafsi naye lazima awe na kibali cha serikali. Akuonyeshe kwanza, kabla hujauza mbuzi wa mama.

Ukishaajiriwa, kuna afisa kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inamruhusu kuingia kazini kwenu bila kubisha hodi, kukagua kumbukumbu za mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutii sheria. Ila ukifukuzwa, shauri lako ni la CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, na inaniuma sana. Kijana anaachishwa, msimamizi anamwambia, "Nenda nyumbani, tutakuita." Anasubiri. Anakwenda kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, hata polisi. Wote wanamsikiliza vizuri, na siku zinakwenda. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa lifike CMA ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara, ni siku 60. Unajaza fomu namba 1, nakala unampa mwajiri, akigoma kusaini tafuta njia nyingine ya kuthibitisha kwamba imemfikia, kisha unaipeleka Tume. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini uwe na sababu nzito.

Mkataba wa maandishi huna? Fungua shauri hivyo hivyo. Sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe masharti mliyokubaliana.

Naona kaka pale nyuma ananyoosha mkono: je, kibarua? Kama umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi 3 iliyopita, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Lakini kinga dhidi ya kufukuzwa isivyo halali inaanza ukifikisha miezi 6, kwa hiyo andika tarehe uliyoanza, na majina ya mliokuwa nao.