CD ya Kwaya Haina Faili: Mhadhara wa Iringa Kuhusu Kuingiza Nyimbo za Zamani Kwenye Kompyuta

Kamwene! Shikamooni wazee wetu, na poleni na safari nyote mliotoka Kilolo na Mafinga alfajiri. Naona mmekuja na mifuko ya CD, na mwalimu mmoja pale nyuma amebeba kompyuta ya mezani nzima, pamoja na monita. Umefanya jambo la maana sana, mwalimu. Laptop nyingi za siku hizi hazina hata mlango wa CD, kwa hiyo kazi ya kuokoa nyimbo hizi itaangukia zile mashine za zamani zilizoko ofisi za usharika na stoo za shule, zenye Windows XP au Windows 7. Tuzijue tabia zake.

Nina haraka na jambo hili, na nitawaambia kwa nini. Kwaya nyingi zilizorekodi enzi za CD hazina tena nakala mama. Studio ilifungwa, au kompyuta yake iliharibika, kilichobaki ni CD moja kabatini kwa mzee. Na mara nyingi CD hiyo ni ya kuchoma, ile yenye upande wa chini wa kijani au bluu. Sauti yake imeandikwa kwenye tabaka la rangi ambalo mwanga wa jua na joto hulichosha taratibu. CD iliyosafiri miaka kwenye dashibodi ya gari inakuja siku haisomeki, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Sasa tazameni ukutani. Hii ni kompyuta ya XP, nimeweka CD ya kwaya, nimefungua. Mnaona Track01, Track02, hadi Track08, na mwisho wa kila jina kuna herufi cda. Watu wengi hapa hufanya nini? Wanachagua zote, wanakopi, wanabandika kwenye flashi. Imemaliza kufumba na kufumbua. Ukifika nyumbani ukaichomeka kwenye sabufa, kimya. Unasema flashi mbovu.

Angalieni ukubwa wa hiyo Track01: baiti 44. Wimbo wa dakika tano kwenye CD ya sauti hubeba karibu megabaiti 50. Baiti 44 hazitoshi kuandika hata ubeti wa kwanza kwa herufi, sembuse kuuimba kwa sauti nne.

Kilichotokea ni hiki. CD ya sauti, waliyoibuni Philips na Sony na kuiingiza sokoni mwaka 1982, ilitengenezwa kwa ajili ya deki. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kushoto na kulia, na vipimo hivyo hupangwa mfululizo kwenye mstari mmoja unaozunguka kuanzia katikati kwenda ukingoni. Hakuna folda wala faili, ila orodha fupi mwanzoni inayosema wimbo wa tatu unaanzia hapa. Windows husoma orodha hiyo na kukuonyesha alama tu za mahali nyimbo zilipo. Ukikopi alama, umebeba alama. Sauti yenyewe lazima ivutwe na programu inayojua kazi hiyo: Windows Media Player, iTunes, au Exact Audio Copy ambayo mimi naipenda zaidi. Mwenye Linux, ule mfumo mwingine usio Windows, atumie cdparanoia.

Kumbukeni hilo, kwa sababu karibu matatizo yote ninayoyasikia yanaanzia hapo.

Ila kabla ya kulaumu programu, jua umeshika CD ya aina gani. Ukifungua ukakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili la AVSEQ01.DAT, hiyo ni VCD, ya picha. Kwaya zetu zilitoa VCD nyingi mno, na kwa macho haina tofauti na CD ya sauti. Programu ya kuvuta nyimbo haitakuvutia kitu humo. Kopi hilo faili la DAT lenyewe, lifungue kwa programu ya VLC, kisha utoe sauti yake humo humo. Ukikuta mafaili ya mp3, basi kopi tu, kazi imekwisha. Na kama draivu yako, yaani kile kifaa kinachosoma CD, ni ya CD pekee na wewe umeweka DVD, itazunguka, itanguruma, itakwambia uweke CD. Haijafa. Haina uwezo wa kusoma DVD.

Swali ambalo huja kila mara: mbona kwenye deki inaimba vizuri, kwenye kompyuta inakwamakwama? Hapa naomba tutulie kidogo.

CD ina akiba ya kujirekebisha. Mkwaruzo wa milimita mbili hivi unaweza kuzibwa kabisa bila kupoteza kitu. Mkwaruzo ukizidi hapo, deki hukisia: inachukua sauti ya kabla na ya baada, inajaza pengo, na wewe hugundui. CD ya mafaili ina kinga nyingine ya ziada juu ya hiyo, lakini CD ya sauti haina. Kompyuta ikivuta sauti kwa kasi kubwa, draivu hupoteza mahali, huruka kidogo au hurudia, na wewe unapata vile vilio vya tik tik katikati ya soprano. Ndiyo maana naipenda Exact Audio Copy: katika hali yake ya usalama husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha, na pasipolingana hurudia tena na tena, kisha mwisho inakuonyesha pale iliposhindwa. Inachukua muda mrefu, wakati mwingine kazi ya usiku mzima kwa CD moja mbaya. Iache isome polepole, ipe muda. Kwenye iTunes na Windows Media Player pia kuna kisanduku cha kurekebisha makosa wakati wa kusoma CD, kipo kwenye mipangilio. Kitieni alama.

Kabla ya yote hayo, osha CD. Kitambaa laini, maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu sauti mfululizo. Na upande wa juu, wenye maandishi, ndio dhaifu kuliko ule wa chini: tabaka linaloakisi mwanga limekaa pale pale chini ya rangi. Mtu akiandika jina la kwaya kwa kalamu ya bolpeni, anatoboa wimbo. Ukiona nyimbo za mwisho tu ndizo zinazokwama, chunguza ukingo wa CD, maana sauti inaishia huko.

Vumbi la lenzi tusilisahau, na baridi pia. Ukiitoa kompyuta kwenye stoo ya Njombe mwezi wa Juni ukaiingiza chumba chenye moto, lenzi inashika ukungu. Iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha.

(Swali kutoka ukumbini: kompyuta ya XP inavuta wimbo mmoja kwa nusu saa, na mausi inaganda.)

Asante, kaka. Huo ugonjwa naujua. XP ikikutana na makosa ya kusoma mara kadhaa, hushusha draivu kwenye njia ya zamani iitwayo PIO, ambapo prosesa, ubongo wa kompyuta, inabeba kila kitu yenyewe. CD moja chafu inatosha kuisababisha, na baadaye hata CD safi inasuasua. Ingia Device Manager, tafuta sehemu ya IDE, fungua Secondary IDE Channel. Ukiona PIO pale ulipotarajia DMA, ile njia ya haraka isiyomchosha prosesa, ondoa hiyo chaneli kwa Uninstall, kisha uiwashe upya kompyuta. Windows itaitambua tena na kuirudisha kwenye DMA. Usibadilishe draivu kwanza. Watu wametupa draivu nzima kwa ajili ya hili.

(Swali: nyimbo zilizovutwa zamani kwa Windows Media Player hazifunguki kwenye kompyuta nyingine.)

Mama, matoleo ya zamani yalikuwa na kisanduku cha kulinda nakala. Kikiwa na alama, faili la wimbo la aina ya WMA hufungwa kwa kompyuta ile ile. Rudi kwenye CD, ondoa alama hiyo, vuta upya. Na ukivuta, hifadhi nakala moja ya FLAC, aina ya faili la sauti ambayo haipotezi sauti yoyote na huchukua karibu nusu ya nafasi. MP3 zitoke kwenye hiyo, kwa ajili ya simu.

La mwisho ni majina. CD ya sauti ya kawaida haibebi majina ya nyimbo. Programu hupima urefu wa nyimbo, kisha huuliza kwenye intaneti ni CD gani yenye vipimo hivyo. CD ya kwaya ya Ilula haimo kwenye orodha hizo, na wakati mwingine vipimo vikifanana utaletewa jina la bendi ya Ulaya. Kwa hiyo andikeni wenyewe: jina la kwaya, mwaka, wimbo, mtunzi, na aliyeimba sehemu ya peke yake. Mtunzi hamumjui? Mwiteni mzee wa kwaya asikilize wimbo mkiwa naye, mwandike anachosema siku hiyo hiyo.

Mwalimu, leta hiyo mashine yako hapa mbele. Tunaanza na CD yako.