Taima imeua namba nne? Stori za Tony Hawk's Pro Skater 3 + 4

OPIO: Haya jamani karibuni, mko na Opio, na hapa pembeni yangu yuko Zai. Tuko Kampala, mvua inapiga na juu ni mabati, kwa hiyo mkisikia kelele msianze kututukania mitambo yetu. Zai, mambo?

ZAI: Poa kaka. Tuanze bwana, najua una kinyongo na hii gemu tangu itoke.

OPIO: Sina kinyongo, nina kesi! Haya, kwa ambao hawajui, tunaongelea Tony Hawk's Pro Skater 3 + 4, gemu ya kuruka ubao wa magurudumu, skateboard, ilitoka Julai 2025, ni zile gemu mbili za zamani, ya tatu ya 2001 na ya nne ya 2002, zimetengenezwa upya zikauzwa pamoja. Kabla yake kulikuwa na 1 + 2 ya 2020, ile ilitengenezwa na studio ya Vicarious Visions na ilikuwa moto kabisa, kisha Vicarious wakamezwa na kampuni ya Blizzard, kazi ya hii wakapewa studio nyingine, Iron Galaxy.

ZAI: Na Iron Galaxy hawajaharibu mkononi, tuseme ukweli. Ukishika padi tu unasikia ni ile ile. Mimi nilianzia levo ya Foundry, kile kiwanda cha chuma, napanda rampu napiga triki hewani, tairi zikigusa tu chini nabonyeza R2, hiyo ndiyo riverti, hapo hapo juu-chini naingia manyuo, yaani natembea kwa tairi mbili tu, ule mshale wa balansi unaanza kuyumba kichwani kwa jamaa, naubembeleza kushoto kulia mpaka nafika kwenye reli, pembetatu, nagraindi, yaani nateleza juu ya reli, naruka, manyuo tena. Kombo haijakatika. Pointi zinazidishwa na idadi ya triki halafu ukianguka mwishoni, zero. Unapoteza zote!

OPIO: Hapo sikupingi. Na watu wasahau kidogo hizo grafiki, gemu ya tatu ilikuwa kubwa sababu ya riverti. Manyuo ilikuja kwenye ya pili, lakini ulikuwa ukishuka kwenye rampu ya duara kombo inaisha, basi. Ya tatu ikaunganisha vyote, ukawa unaweza kuzunguka levo nzima kwa kombo moja ukiwa na vidole.

ZAI: Na roho. Vidole bila roho unaanguka.

OPIO: Haya, upande wa ya tatu mimi sina shida. Airport iko vile vile, unashuka toka juu mpaka chini unakimbiza wezi wa mfukoni, Los Angeles tetemeko bado linaangusha barabara, Tokyo na mataa yake. Na kwenye Tokyo nikamchukua Rayssa Leal makusudi, yule binti wa Brazil, maana medali yake ya fedha ya Olimpiki alipata Tokyo kweli akiwa na miaka 13. Wameleta wachezaji wapya wazuri, Rayssa, Yuto Horigome, Chloe Covell, sio wale wazee tu.

ZAI: Wazee nao wapo lakini, na wamechorwa na umri wao wa sasa, mvi na yote.

OPIO: Sasa njoo kwenye ya nne. Njoo dada yangu, usikimbie.

ZAI: Nakimbia wapi, nipo.

OPIO: Ya nne ya 2002 haikuwa na taima. Hiyo ndiyo ilikuwa gemu yenyewe! Zile tatu za kwanza zote ni dakika mbili, kengele inalia, umekwisha. Ya nne Neversoft, waliotengeneza zile za asili, wakasema aa, sasa zunguka utakavyo, unaingia levo ya College, unatembea na ubao wako, unaona mtu amesimama, unamsogelea, anakwambia shida yake, unakubali ndo kazi inaanza. Kuna kazi za kijinga, kuna ngumu, unaweza hata kushika nyuma ya gari likakuvuta. Sasa hawa Iron Galaxy wamechukua ya nne yote wakaibana kwenye dakika mbili kama ya tatu. Kazi zimekuwa listi. Unasoma listi, unakimbia, unatiki, umemaliza. Wale watu wenye shida zao wako wapi?

ZAI: Subiri nikujibu na mfano wa hapa hapa nyumbani. Wewe ulichezea wapi ya nne mara ya kwanza?

OPIO: Kwa binamu yangu Tororo, PS2 ya nyumbani.

ZAI: Umeona! Wewe ulikuwa na bibi wa kukupikia na padi hamna wa kukunyang'anya. Sisi wengine tulichezea kwenye kibanda, unalipa, nyuma yako kuna foleni ya watoto nane wanakupumulia shingoni. Ya tatu kibandani ilikuwa raha, dakika mbili zikiisha unatoa padi, hakuna mjadala, mwenye pointi nyingi anabaki. Ya nne ilipoingia ikawa vita, mtu anazunguka College anaongea na watu nusu saa, ukimwambia toka anasema sijamaliza kazi. Mwenye kibanda akaitoa mwenyewe akarudisha FIFA. Kwa hiyo mimi nikisikia taima imerudi nilifurahi, nisikudanganye.

OPIO: Eeh hiyo ni hoja, nakupa. Lakini hiyo ni hoja ya kibanda, sio ya gemu.

ZAI: Gemu inachezwa na watu Opio, sio hewani. Na dakika mbili zinakulazimisha ujue levo. Levo ya Alcatraz mimi nilikuwa naiona kubwa haina kichwa wala miguu, sasa hivi najua nikitoka hapa napita huku nachukua herufi za S-K-A-T-E njiani, namaliza na pointi za juu kwenye rani moja. Ile raha ya kupanga njia, bila taima hakuna.

OPIO: Raha ipo, kwa levo ambayo ilichorwa kwa dakika mbili. San Francisco na Alcatraz zilichorwa za kutembea, ndo maana ni kubwa. Na usiniambie kwenye seting unaweza kurefusha taima mpaka saa nzima, najua utasema hivyo...

ZAI: Nilikuwa nasema hivyo.

OPIO: ...nimejaribu. Unaweka saa nzima halafu unajikuta umesimama katikati ya College hakuna wa kuongea naye. Kazi zimeshapangwa fupi fupi, ukiongeza muda unaongeza ukimya tu. Muda sio ndio ulikuwa unakosekana, walikosekana watu na vituko vyao.

ZAI: Mmh. Hapo kwenye vituko... sawa. Maana kuna ile levo ya Zoo.

OPIO: Zoo! Asante! Niambie wewe mwenyewe.

ZAI: Zoo hata mimi imeniuma banange. Ilikuwa imejaa wanyama, sasa wameifanya ya mashindano, majaji na pointi, wanyama hamna. Zoo bila wanyama ni nini? Hata kwenye zoo ya Entebbe ukilipa kiingilio ukakuta vizimba vitupu utadai hela yako getini.

OPIO: Na Carnival na Chicago wamezikata kabisa. Unauza gemu kwa jina la 4 halafu levo mbili hazipo.

ZAI: Wameongeza mpya tatu lakini. Waterpark, ile Movie Studio na Pinball. Na Waterpark ndugu yangu ndio levo tamu kuliko zote kwenye hii gemu, mabwawa hayana maji, yale mabomba ya kuteleza yote unagraindi. Hawa watu wanajua kuchora levo, shida yao walipoachiwa ya zamani wakaogopa au wakachoka, sijui.

OPIO: Ndo inauma zaidi! Wangekuwa hawawezi ningesamehe. Pinball umecheza?

ZAI: Pinball inanizungusha kichwa, tuiache.

OPIO: Nyimbo je?

ZAI: Nyimbo wamebadilisha karibu zote, zile za zamani zimebaki chache sana. “Ace of Spades” ya Motörhead ipo. Mimi sikuumia, kibandani sauti ilikuwa imezimwa, tunasikia nyimbo za Chameleone, yule mwanamuziki wetu, kutoka duka la jirani. Kwangu Tony Hawk ni Chameleone, pole.

OPIO: Hahaha, haya. Kwa bei ilitoka dola 49.99, kwa shilingi ni kama laki na themanini hivi, bado bando la kudaunlodi. Mtu anunue?

ZAI: Kama hujacheza 1 + 2, nunua hiyo kwanza, ni kamili zaidi na nyimbo nyingi za asili zimebaki. Kama unayo tayari na ulipenda ya tatu, chukua hii. Na kama mko wawili nyumbani ina skrini ya kugawana, TV moja padi mbili, hapo thamani yake inapanda, siku hizi gemu nyingi zinataka kila mtu na mashine yake. Onlaini nako mnaingia mpaka nane, PlayStation na Xbox na kompyuta wote pamoja, kuna mchezo mpya unaitwa HAWK, unaficha herufi wenzako wanazitafuta. Mtandao ukikaa vizuri utacheka mpaka ulie.

OPIO: Ukikaa vizuri. Mimi kwa anayetaka ya nne namwambia asubiri ishuke bei, au atafute PS2 ya mtu. Dada, kuna vijana wa Kitintale pale kwenye skatepark wanaruka ubao wa kweli kwenye saruji waliyomwaga wenyewe, wale nataka nipeleke hii gemu wanipe maoni yao, maana sisi tunaongea riverti na magoti hatujawahi kuchubua.

ZAI: Sema wewe. Mimi nimechubua.

OPIO: Wapi?

ZAI: Hapo hapo Kitintale, niliazima ubao wa dogo mmoja, sikufika hata kwenye rampu. Haya washa hiyo mashine, weka Waterpark, dakika mbili, na usiguse seting.