Asilimia Moja na Mlima wa Kadutu

BAHATI: Karibuni tena, tuko Bukavu. Furaha, leo naanza mimi, maana habari ni ya kwetu. Binti wa mama mdogo, miaka 24, vali ya mitrali, ule mlango wa damu ndani ya moyo, imebana. Juzi daktari ameingiza vipimo vyake kwenye kompyuta, akasema hatari ya upasuaji ni kama asilimia moja. Mama mdogo akamshukuru Mungu hadi watu wa korido wakageuka. Mimi nikabaki na swali: asilimia moja ya nini?

FURAHA: (anacheka) Yaya Bahati, ungeuliza palepale! Hiyo hesabu bila shaka ni EuroSCORE II, ya kukadiria hatari ya kufa mtu akipasuliwa moyo. Ilichapishwa 2012. Walichukua wagonjwa zaidi ya 22,000 waliopasuliwa moyo mwaka 2010, katika nchi 43, wakaangalia kila mtu aliingia na hali gani na nani alifia hospitalini. Figo, nguvu ya moyo kusukuma damu, presha ya mapafu, kama kifua kilishafunguliwa zamani, kama ni dharura. Basi asilimia moja ni kusema: wakiwa mia wanaofanana naye kwenye karatasi, mmoja hatoki. Ni yupi, kompyuta haijui.

BAHATI: “Kwenye karatasi” umeisema kwa uzito.

FURAHA: Sababu wengi wa wale walikuwa watu wazima wa Ulaya, miaka 60 na kitu. Tena ile hesabu inaanza kuongeza hatari ya umri mtu akipita 60. Chini ya hapo, dada yako wa miaka 24 na papa wa 59 ni kitu kimoja! Na wazee wale, waliopasuliwa kwa ajili ya vali, wengi zimekakamaa kwa uzee. Huyu wetu yake imeharibiwa na koo la utotoni. Kijidudu cha streptokoki kikapita, homa, magoti yakauma, kisha kinga ya mwili ikageukia moyo wenyewe.

BAHATI: Magoti, ndiyo. Tulisema anakua.

FURAHA: Kila nyumba inasema hivyo. Sasa niambie, daktari alimuuliza kuhusu pumzi?

BAHATI: Alimuuliza kama anapanda ngazi. Akajibu ndiyo.

FURAHA: Ngazi ngapi? Mji huu wote ni mlima! Mimi wodini nauliza hivi: kutoka chini hadi soko la Kadutu, unasimama mara ngapi?

BAHATI: Mara tatu. Juzi nilikuwa naye. Mara ya tatu alisimama kwa mama muuza ndizi, akawa anageuza mafungu kama anachagua. Hakununua hata moja.

FURAHA: Na usiku?

BAHATI: Analalia mito miwili, na kitenge amekikunja juu yake, ndipo apumue.

FURAHA: Basi huyo si mtu wa “ndiyo, napanda”. Pumzi ina madaraja manne katika ile hesabu, na daraja likibadilika, asilimia inabadilika. Rudini mkaseme ukweli. Muulize pia presha ya mapafu ilisomwa ngapi kwenye ekografi, ile picha ya moyo, na kama vali inaweza kufunguliwa kwa puto kupitia mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Si kila vali inakubali, lakini ulizeni.

BAHATI: Ngoja, naandika nyuma ya bahasha ya ekografi.

FURAHA: Andika na hili, linaniuma zaidi: ile asilimia inaishia mlangoni pa hospitali. Wakimwekea vali ya chuma, atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na damu inapimwa kila mara. Na wafarini inaweza kudhuru mtoto tumboni. Ana miaka 24, yaya. Kuna aliyemuuliza kama anataka kuzaa?

BAHATI: Hakuna. Mbele ya mama yake? Hawezi kujibu.

FURAHA: Basi safari hii mama mdogo akae korido.

BAHATI: Hilo utamwambia wewe.

FURAHA: Nitamwambia. Na habari ya ndizi, mwambie daktari.