Laptopu ya Zamani na Linux ya Kwanza

Mabibi na mabwana, mnataka kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows kwenye laptopu ya zamani; swali la "Linux ipi ni bora?" tuliweke kando kwanza. Tuiulize mashine yenyewe: ina RAM (kumbukumbu ya kazi) kiasi gani, na prosesa yake ni ya biti ngapi, 32 au 64?

Kwenye Windows, fungueni mipangilio, sehemu ya About, msome mstari wa System type mpaka mwisho. Zipo laptopu zilizowekewa Windows ya biti 32 ilhali prosesa ni x64, yaani ya biti 64. Hizo zinapokea mfumo wa biti 64 bila tatizo. Prosesa yenyewe ikiwa ya biti 32, milango mingi imeshafungwa. Hata Debian 13, aina ya Linux iliyotoka mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Hapo nendeni antiX 23, Linux nyepesi yenye toleo la biti 32.

Kwa GB 4 za RAM, chukueni Linux Mint, toleo jepesi liitwalo Xfce. Menyu iko chini kushoto, pale mkono wa mtu wa Windows ulipozoea kwenda. Mint wenyewe wanataja GB 2 kuwa kima cha chini, na kweli itawaka. Ila fungua kivinjari na vichupo vinne tu, usikie diski inavyokwaruza: RAM imejaa, mfumo unahamishia kazi diskini. Kwa GB 2, antiX inafaa zaidi.

Tafuteni flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa yote. Faili la ISO, yaani lile mnalopakua lenye mfumo mzima, msilinakili kama wimbo, mashine haitawaka nalo. Liandikeni kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kabla ya hapo linganisheni SHA256, yaani alama ya utambulisho wa faili, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti mlikopakua, kwani faili lililoharibika wakati wa kupakua huweza kukwamisha usakinishaji katikati.

Chomekeni flashi, washeni huku mkigonga F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP, kisha mchague flashi. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaeni humo nusu saa, tafadhali msiharakishe: jaribuni Waifai, sauti, mwanga wa skrini, fungeni kifuniko, mfungue tena. Waifai ikigoma, mara nyingi kadi yake ni ya kampuni ya Broadcom. Mkishasakinisha, unganisheni simu kwa waya wa USB, mshirikishe intaneti yake, kisha Driver Manager, programu ya Mint, itawaletea draiva, yaani programu ya kuendesha kadi hiyo.

Mwenye fedha kidogo anunue SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, aifunge ndani ya laptopu kabla ya kusakinisha. Diski ya zamani aiweke kabatini na mafaili yake yote yalivyo.